Kompyuta ya Mezani ya Zamani Isiyowaka: Jinsi ya Kutafuta Ubovu Hatua kwa Hatua

Kompyuta nyingi za mezani zinazotumika katika shule, maduka ya stesheneri na ofisi ndogo za Tanzania na Kenya ni mashine za mtumba zilizoingia nchini baada ya kumaliza miaka kadhaa katika ofisi za Ulaya na Marekani. Dell OptiPlex, HP Compaq na Lenovo ThinkCentre za kati ya 2005 na 2013 huonekana kwa wingi, na ni mashine ngumu ambazo zilijengwa kufanya kazi kutwa. Mashine ya namna hiyo inapogoma kuwaka, mara nyingi kilichokufa ni kifaa kimoja cha bei ndogo, au hata hakuna kilichokufa, ila vumbi au kutu imezuia umeme kupita. Hasara kubwa hutokana na kubahatisha: mtu ananunua pawa saplai (sanduku linaloigawia mashine umeme), ikishindikana ananunua RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), kisha anaambiwa tatizo ni ubao mama (ubao mkuu unaounganisha vipuri vyote), na kufikia hapo ameshatumia fedha zinazotosha kununua mashine nyingine.

Mwongozo huu unafuata njia ya umeme wenyewe, kutoka ukutani hadi kwenye diski, ili kupata mahali unapokomea. Hakuna kinachonunuliwa kabla mahali hapo hapajajulikana, na hakibadilishwi zaidi ya kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwa sababu ukibadili viwili pamoja na mashine ikawaka hutajua ni kipi kilichoiponya.

Vifaa na tahadhari

Utahitaji bisibisi ya nyota, multimita (kipimo cha umeme) ya kawaida, tochi, brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, raba nyeupe ya kufutia penseli, betri mpya ya CR2032 (ile ndogo ya duara ya ubao mama) na kipande kifupi cha waya chenye ncha mbili zilizochunwa. Ukiweza kuazima RAM nzima ya aina inayotumika kwenye mashine yako, kazi itakwenda haraka zaidi.

Kabla ya kufungua kasha, chomoa kebo ya umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani uishe. Hatua hiyo usiidharau. Pawa saplai nyingi zina kinga inayojifunga umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika, na zisipochomolewa hubaki zimejifunga hata kama ni nzima. Wapo waliobeba mashine hadi kwa fundi, ikawaka palepale mezani kwake, kwa sababu tu njiani ilikaa bila umeme.

Ukishafungua, gusa chuma cha kasha mara kwa mara ili umeme tuli wa mwilini mwako usiharibu vipuri. Sanduku la pawa saplai lenyewe usilifungue kama huna utaalamu wa umeme. Umeme wa volti 230 ukishageuzwa kuwa wa mkondo mmoja hufikia takriban volti 325, na kapasita kubwa (vikopo vya kuhifadhi umeme) zilizomo humo zinaweza kubaki na umeme huo kwa muda baada ya kebo kuchomolewa.

Kwanza, eleza inavyogoma

Neno "haiwaki" hubeba magonjwa manne yasiyofanana. Kuna mashine iliyo kimya kabisa, isiyo na taa wala feni. Kuna inayozungusha feni sekunde moja au mbili kisha ikazima, pengine ikarudia hivyo yenyewe bila kukoma. Kuna ambayo feni zinazunguka vizuri lakini kioo ni cheusi. Na kuna inayoonyesha jina la kampuni kwenye kioo, halafu ikakwama kabla Windows haijafunguka. Ya kwanza na ya pili huelekeza kwenye umeme na mzunguko mfupi (shoti), ya tatu kwenye RAM, prosesa (ubongo wa kompyuta), kadi ya picha au ubao mama, na ya nne kwenye diski au mipangilio. Chukua karatasi uandike unachokiona na unachokisikia, pamoja na rangi ya taa na idadi ya milio, kwa sababu mambo haya yatahitajika baadaye na kumbukumbu ya mtu aliyekasirishwa na mashine si ya kutegemewa.

Uliza pia kilichotangulia. Mashine iliyozima umeme uliporudi baada ya kukatika ina hadithi tofauti na iliyogoma baada ya kusafirishwa kwenye buti la basi, au iliyokaa miezi sita chini ya meza bila kuguswa.

Kuanzia ukutani

Chomeka taa au chaja ya simu kwenye soketi ileile na uhakikishe inafanya kazi. Kisha iondoe ekstensheni na uiunganishe kompyuta moja kwa moja ukutani, maana ekstensheni iliyolegea inaweza kuwasha chaja ya simu ikashindwa kubeba kompyuta. Kama plagi ni ya pini tatu za mraba, ifungue uangalie fyuzi iliyomo ndani kwa kuipima na multimita, kwani fyuzi iliyokatika mara nyingi haionekani kwa macho.

Mashine zilizotoka Ulaya bara huja na kebo za plagi ya pini mbili nene za duara. Ukitumia adapta ya bei rahisi, au ukiisukumiza plagi hiyo kwenye soketi ya matundu matatu kwa msaada wa kalamu kama wengi wanavyofanya, pini hazikazi na waya wa ardhi haufanyi kazi. Hapo ndipo watu wanapolalamika kwamba kasha linawapiga shoti ndogo wakiligusa kwa mkono mtupu. Dawa yake ni kununua kebo yenye plagi inayolingana na soketi zetu, kwa sababu upande unaoingia kwenye kompyuta ni uleule.

Halafu geuza mashine nyuma utazame pawa saplai. Nyingine zina swichi ya kuzima na kuwasha ambayo huguswa kwa bahati mbaya wakati wa kufagia. Nyingine zina swichi ndogo, aghalabu nyekundu, iliyoandikwa 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kuwa imewekwa kwenye 115, na ikichomekwa hivyo kwenye umeme wetu pawa saplai hulipuka palepale. Kama mashine ni ngeni kwako, tazama swichi hiyo kabla ya jambo lingine lolote.

Pawa saplai: hapa usiwe na haraka

Pawa saplai iliyochomekwa ukutani hutoa volti 5 za kusubiri hata kabla kitufe hakijabonyezwa, na ndizo zinazouwezesha ubao mama kutambua kwamba kitufe kimebonyezwa. Bao nyingi zina taa ndogo ya kijani inayowaka muda wote umeme unapokuwepo. Fungua kasha, rudisha kebo ukutani, uitafute taa hiyo kwa macho. Ikiwa inawaka, umeme wa kusubiri unafika. Ikiwa haiwaki au ubao wako hauna taa hiyo, weka multimita kwenye kipimo cha volti za mkondo mmoja, gusisha ncha nyeusi kwenye chuma cha kasha, na nyingine uiingize taratibu nyuma ya plagi kubwa ya ubao mama, palipo na waya wa zambarau. Unatarajia kusoma kati ya volti 4.75 na 5.25. Ukipata sifuri ilhali soketi ni nzima, pawa saplai imekufa, na huna haja ya kutafuta zaidi.

Kama volti za kusubiri zipo lakini mashine ni kimya, huenda kitufe cha kuwashia ndicho kibovu, jambo ambalo si la ajabu kwa mashine iliyobonyezwa kila asubuhi kwa miaka 12. Kwenye bao za kawaida, waya mbili za kitufe huingia kwenye pini mbili ukingoni mwa ubao, zilizoandikwa PWR au PW. Chomoa plagi hiyo ndogo, kisha gusanisha pini hizo mbili kwa ncha ya bisibisi kwa nusu sekunde. Mashine ikiwaka, umepata mgonjwa, na unaweza kuhamishia hapo waya za kitufe cha kurisiti hadi utakapopata kingine. Katika Dell na HP nyingi waya za mbele zimeunganishwa kwenye plagi moja pana, kwa hiyo usiguse pini kwa kukisia. Tafuta kwanza mchoro wa ubao katika kitabu cha huduma cha modeli husika, ambacho kampuni hizo hukitoa bure kwenye tovuti zao.

Ikiwa bado kimya, ijaribu pawa saplai peke yake. Chomoa kebo ukutani, kisha chomoa plagi zake zote kutoka kwenye ubao mama, diski na kadi, ila uache diski moja chakavu au feni moja ikiwa imeunganishwa, kwa kuwa baadhi ya pawa saplai hukataa kufanya kazi zikiwa hazina mzigo. Kwenye plagi kubwa ya pini 20 au 24 kuna waya mmoja tu wa kijani. Unganisha tundu lake na tundu lolote la waya mweusi kwa kile kipande cha waya, rudi nyuma, kisha washa umeme ukutani. Feni ya pawa saplai izunguke, nawe upime: waya za njano zitoe kati ya volti 11.4 na 12.6, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25, na za rangi ya chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Waya wa kijivu, ambao ndio unaoujulisha ubao mama kwamba umeme umetulia, utoe takriban volti 5.

Jaribio hili lina mpaka wake. Pawa saplai iliyozeeka inaweza kutoa namba nzuri ikiwa haina mzigo, kisha ikaanguka pale prosesa inapoanza kula umeme. Ndiyo maana mashine inayowaka kwa jaribio la tatu au la nne, au inayowaka vizuri mchana ikishapata joto lakini asubuhi inagoma, ni ya kushukiwa hata kama multimita haijasema kitu. Rudisha plagi zote, iwashe, upime waya wa njano wakati mashine inahangaika kuwaka. Ukishuka chini ya volti 11.4, badilisha pawa saplai.

Kuhusu kuibadilisha, rangi nilizotaja ni za mfumo wa ATX, yaani kiwango cha kawaida cha pawa saplai, na si kila mashine ya ofisini inaufuata. Baadhi ya Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilitumia plagi inayofanana kabisa na ya ATX ilhali mpangilio wa waya ni mwingine, na pawa saplai ya kawaida ikiingizwa humo huunguza ubao. OptiPlex 3020, 7020 na 9020 zina plagi kuu ya pini 8 tu. Kasha dogo la kulala nalo lina pawa saplai yenye umbo lake lenyewe. Kwa hiyo unapoagiza, chukua namba iliyoandikwa kwenye stika ya pawa saplai ya zamani, usitegemee kuitambua kwa umbo lake. Na ukiifunga mpya, kumbuka plagi ya pili ya pini 4 yenye waya za njano na nyeusi inayoingia karibu na prosesa. Ikisahaulika, feni zitazunguka vizuri na kioo kitabaki cheusi, nawe utadhani umeuziwa kibovu.

Bakiza vitu vya lazima tu

Umeme ukithibitika kuwa mzima na mashine bado inazima baada ya sekunde moja, au feni zinazunguka bila picha, iondolee kila kitu isichokihitaji kuwaka. Chomoa diski, kisomea sidii, kadi za ziada, kibodi, kipanya, printa na plagi za USB za mbele. Vibaki prosesa na feni yake, kipande kimoja cha RAM, pawa saplai na kioo. Kama kuna kadi ya picha na ubao una tundu lake la kioo, ondoa kadi na utumie la ubao.

Tundu za USB za mbele zikaguliwe kwa tochi. Katika mashine za shule hasa, vidole vya shaba vilivyomo ndani hupindishwa na flashi zilizochomekwa kwa nguvu, vikagusana, na mguso huo mdogo unatosha kuifanya mashine nzima ijizime.

Ikiwaka ikiwa katika hali hii, zima, rudisha kitu kimoja, washa tena. Kitakachoifanya igome ndicho mgonjwa. Ni kazi ya kuchosha, lakini ni ya uhakika kuliko nadharia yoyote.

RAM na lugha ya milio

Kama bado kioo ni cheusi, ondoa hata kile kipande kimoja cha RAM kilichobaki, kisha washa. Ubao mama na prosesa vikiwa hai vitalalamika, kwa milio au kwa taa. Mlio huo ni habari njema kuliko ukimya, kwa sababu unathibitisha kwamba prosesa inasoma maelekezo yake ya kwanza na kwamba sehemu ghali za mashine zinafanya kazi. Ukimya kamili bila RAM, kwenye mashine yenye spika ya ndani, unaielekeza shaka kwenye ubao wenyewe au prosesa.

Katika HP Compaq nyingi za kizazi hiki taa ya kuwashia hupepesa nyekundu pamoja na milio, kisha hutulia sekunde mbili na kurudia: mara 2 ni joto la prosesa, mara 4 ni umeme, mara 5 ni RAM, mara 6 ni picha, mara 7 ni ubao mama. Dell OptiPlex za zamani zina taa nne zenye namba 1 hadi 4 upande wa mbele. Andika zipi zimewaka na ulinganishe na jedwali la modeli yako, maana mpangilio ule ule humaanisha jambo tofauti katika modeli nyingine. Kwenye bao zilizounganishwa na mafundi wa mitaani, mlio mmoja mrefu na mifupi miwili katika BIOS (programu ya kwanza inayouendesha ubao) ya Award, au milio 8 katika ile ya AMI, huashiria kadi ya picha.

RAM yenyewe huponywa kwa usafi mara nyingi kuliko kwa kununuliwa. Ishike kando, futa meno yake ya dhahabu pande zote mbili kwa raba nyeupe hadi yang'ae, pangusa vumbi la raba kwa kitambaa kikavu, na tundu lake lisafishwe kwa brashi. Katika miji ya pwani, kama Tanga na Mombasa, hewa ya chumvi huyatia meno haya utando usioonekana, na mashine zilizokaa bila kuwashwa ndizo zinazoathirika zaidi. Irudishe hadi vibanio vya pembeni vijifunge vyenyewe kwa sauti. Jaribu kila kipande peke yake katika tundu la kwanza, kisha kipande kilicho kizima katika kila tundu, kwani tundu pia hufa.

Ukilazimika kununua, soma stika. DDR2 na DDR3 zote zina pini 240, lakini ya kwanza hutumia volti 1.8 na ya pili 1.5, na pengo lao haliko mahali pamoja. RAM isiyoingia kwa urahisi haitakiwi kulazimishwa.

Betri ndogo ya ubao

Betri ya CR2032 ikiwa nzima hutoa volti 3 au zaidi kidogo. Ikishuka chini ya 2.8 ibadilishe bila kujiuliza. Dalili zake ni saa kurudi nyuma kila mashine inapochomolewa, na ujumbe unaokutaka ubonyeze F1 ili kuendelea. Baadhi ya mashine hazisemi lolote, hukataa tu kuwaka. (Mtu anayelalamika kwamba tovuti zote zinakataa kufunguka aulizwe kwanza kompyuta yake inaonyesha mwaka gani, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti hukataliwa tarehe ikiwa imerudi nyuma.) Toa betri, kebo ikiwa imechomolewa ukutani, ngoja dakika tano, kisha weka mpya upande wa maandishi ukitazama juu. Huku ndiko kufuta mipangilio ya BIOS, na mashine nyingi zilizogoma baada ya mtu kuchezea mipangilio huamka hapo.

Lakini kufuta huko kuna athari moja ambayo imewafanya watu wengi wapige Windows upya bila sababu. Mipangilio ikirudi ya kiwandani, namna ubao unavyozungumza na diski inaweza kubadilika, kwa mfano kutoka IDE kwenda AHCI au kinyume chake. Windows iliyowekwa chini ya hali ya kwanza haitaitambua diski chini ya hali ya pili. Itaanza kufunguka, kisha kitatokea kioo cha buluu chenye namba 0x0000007B. Diski haina ubovu wowote. Ingia kwenye mipangilio, kwa F2 katika Dell, F10 katika HP au F1 katika Lenovo, tafuta sehemu ya SATA (muunganisho wa diski), andika hali iliyopo, kisha jaribu nyingine. Windows XP kwa kawaida ilihitaji hali ya IDE, ambayo Dell huiita ATA au Legacy.

Kapasita zilizovimba, na joto

Chukua tochi ukague vikopo vidogo vya duara vinavyoizunguka prosesa. Kichwa cha kapasita nzima ni bapa. Kilichovimba, kilichopasuka au chenye utando wa kahawia kimekufa, na ubao wenye vitatu au vinne vya namna hiyo utagoma kuwaka au utajizima ovyo. Kati ya 1999 na 2007 hivi, viwanda vingi duniani vilitumia kapasita zenye kimiminika kibovu, na OptiPlex GX270 na GX280 za Dell ni miongoni mwa mashine zilizojulikana sana kwa tatizo hilo. Ukikutana na moja ya modeli hizo, tazama hapo mapema.

Fundi redio mwenye mkono mzuri anaweza kuzibadilisha, mradi mpya ziwe na mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, na za aina ya nyuzi 105 inayovumilia kazi ya kompyuta. Zile za redio za kawaida zitaingia na mashine itawaka, kisha itarudi mezani baada ya muda mfupi. Upande wa hasi, wenye mstari, usigeuzwe.

Mashine inayowaka dakika moja kisha ikazima ghafla huwa inajilinda na joto. Ondoa vumbi lililoziba kipoza joto, ukizuia feni isizunguke wakati unapulizia. Vipoza joto vya Intel vya kuanzia 2004 hushikwa na pini nne za plastiki zinazobonyezwa kwenye ubao, na mtikisiko wa safari huweza kung'oa moja, kipoza kikabaki kimeegemea upande. Kitikise kidogo kwa vidole, kisicheze. Ukikiondoa, futa krimu ya kupitisha joto iliyokauka na upake mpya kiasi cha punje ya mchele katikati ya prosesa.

Inaonyesha jina la kampuni lakini Windows haifunguki

Toa kwanza flashi na sidii zote. Ujumbe wa "NTLDR is missing" katika Windows XP au "BOOTMGR is missing" katika Windows 7 mara nyingi husababishwa na mashine kujaribu kuanzia kwenye flashi iliyosahaulika. Ikiendelea, ingia kwenye mipangilio uone kama diski inaorodheshwa. Isipoonekana, badili kebo ya data, ambayo kwa SATA za zamani hulegea, na uihamishie kwenye tundu lingine la ubao.

Weka sikio karibu na diski. Ikigonga kwa mdundo unaojirudia, zima mara moja. Kila dakika inayoendelea kuzunguka inapunguza nafasi ya kuokoa kilichomo, na kosa la kawaida hapa ni kuendesha CHKDSK, programu ya Windows ya kukagua diski, ambayo huifanyisha diski inayokufa kazi nzito kuliko inavyoweza. Nakili kwanza, tengeneza baadaye. Kwa diski isiyogonga bali inayosoma kwa shida, andaa flashi ya Linux (mfumo mwingine badala ya Windows) kwenye kompyuta nyingine, ukichagua mfumo wa BIOS na MBR (njia ya zamani ya kuanzisha mashine) kwa mashine za kabla ya 2011 hivi, uianzishe kwa F12 katika Dell na Lenovo au F9 katika HP, kisha unakili mafaili muhimu kwenye diski ya nje. Programu ya ddrescue hufanya hivyo kwa busara zaidi, kwani huchukua kwanza sehemu zinazosomeka na kurudi kwenye zile ngumu mwishoni. Ikiwa diski ni nzima na Windows tu ndiyo iliyovurugika, sidii ya Windows 7 ina chaguo la kurekebisha uwashaji ambalo halifuti mafaili.

Ubao mama ukithibitika umekufa

Umeme mzima, betri mpya, RAM iliyohakikishwa kwenye mashine nyingine, kila cha ziada kimeondolewa, na bado kimya: hapo ubao ndio wenye kushukiwa, kwa kuwa prosesa hufa kwa nadra. Ubao wa OptiPlex au HP huwa na umbo lake usiloweza kubadilishana na wa kampuni nyingine, na bei yake pamoja na kazi ya fundi hukaribia bei ya mashine nzima ya mtumba. Ushauri wangu ni kutafuta mashine ya modeli ileile, kisha kuhamishia humo diski yako, ambayo kwa kawaida itafunguka kama ilivyokuwa kwa sababu vipuri vinavyoizunguka ni vilevile. RAM na pawa saplai za mashine iliyokufa ziweke kama akiba.

Usipopata modeli hiyo, mafaili yanaweza kusomwa kwenye kompyuta yoyote kwa adapta ya kutoka SATA kwenda USB. Nunua ile yenye chaja yake, kwa sababu diski ya mezani ya inchi 3.5 inahitaji volti 12 ambazo tundu la USB la kawaida, lenye volti 5 tu, haliwezi kutoa. Na kasha linapokwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, liende bila diski.